Vizio vya fizikia: nilivyovielewa nikiwa dukani

Nilipojiandikisha kurudia fizikia ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, tayari nilikuwa na duka la vifaa vya sola hapa Kahama. Chuo nilichokitaka kilidai ufaulu wa fizikia, basi. Darasa sikuwa nalo, maabara ndiyo usiseme. Nilikuwa na vitabu vya kuazima na mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, aliyekubali kunipitishia kazi zangu jioni nikishafunga duka.

Sura ya kwanza ya kila kitabu ni ile ile: vipimo. Wengi tunaipita mbio, maana nani asiyejua mita na kilo? Vizio saba vya msingi, au yuniti kama tulivyozoea kuziita, vinakaririka kwa kikao kimoja: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela. Ukishavijua unajiona umemaliza, unakimbilia sura ya mwendo na ya umeme. Huko ndiko hesabu zinapoanza kukugomea, na mara nyingi tatizo si kanuni. Tatizo lilibaki nyuma, kwenye ile sura uliyoipita mbio.

Mwalimu alinipa sharti moja. Kila namba niandike na kizio chake, kwenye kila mstari wa hesabu, si kwenye jibu peke yake. Nikimpelekea mstari wenye namba tupu, haupigii mkasi. Anarudisha daftari tu: "Hapa sijasoma." Nilimwona msumbufu, lakini duka ndilo lililonionyesha anachokitafuta.

Mtaani kwetu betri huitwa kwa ampea. Kuna ampea 50, ampea 100, ampea 200. Ukiisoma ubavuni, imeandikwa 12 V, 100 Ah. Ile h ya mwisho kila mtu anaimeza, muuzaji na mnunuzi. Siku nilipomtajia Mwalimu "betri ya ampea mia" akaniuliza, "Ampea mia kwa muda gani, fundi?"

Swali hilo lina kitu. Ampea inasema umeme unapita kwa kasi gani. Ampea-saa inasema umepita kiasi gani. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika halikuambii tangi lina lita ngapi. Kwa hiyo nikakaa na daftari, nikaandika kila kitu na kizio chake:

100 Ah = 100 A × 3,600 s = 360,000 A·s

Ampea-sekunde ndiyo kulombi, kizio cha kiasi cha umeme, kwa hiyo betri ile ikijaa ina kulombi 360,000. Kulombi ukiizidisha kwa volti unapata juli, kizio cha nishati:

360,000 C × 12 V = 4,320,000 J

Sasa chukua uniti moja ya LUKU, ile unayoinunua kwa simu. Ni kilowati-saa moja, yaani 1,000 W × 3,600 s, ambayo ni juli 3,600,000. Gawanya: 4.32 kwa 3.6 ni 1.2. Betri ya karibu kilo thelathini, inayobebwa na vijana wawili wakihema, ikijaa pomoni ina uniti moja nukta mbili za umeme. Na kwa kuwa betri za risasi na asidi hufa mapema ukizinyonya kupita nusu, unachoruhusiwa kutumia ni 0.6 tu, sawa na wati-saa 600. Televisheni ya wati 50 itakaa saa 12. Pasi ya wati 1,000 itakaa dakika 36, na hapo sijatoa kinachopotelea kwenye inveta.

Hesabu hii ilinifungua macho kuliko sura nzima ya kitabu, kwa sababu sikuwa nimekariri kanuni hata moja. Nilifuata vizio. Sekunde zikakutana na ampea, volti zikaingia, juli zikatoka.

Viambishi navyo, yaani yale maneno ya mbele ya kizio kama mili, kilo na mega, nilivielewa kwa mteja. Mama mmoja alisimama mbele ya kaunta, mkono mmoja ameshika pawabenki, mwingine anaonyesha betri sakafuni. "Mwanangu, hiki kidude kimeandikwa elfu kumi na hilo libetri limeandikwa mia. Mbona hiki kidogo ndicho chenye nguvu?"

"Mama, hiyo elfu kumi ni ya mili. Ukiigawa kwa elfu inabaki kumi."

Pawabenki ya 10,000 mAh ni ya 10 Ah. Hata hizo kumi si sawa na kumi za betri kubwa, kwa sababu seli ya ndani ni ya volti 3.7, kwa hiyo ni wati-saa 37. Betri ya sakafuni ina 1,200. Mama akacheka, akanunua taa. Mimi nikabaki na somo: ukitaka kulinganisha vitu viwili, vipeleke kwanza kwenye kizio kimoja, tena kizio cha kitu unachokitafuta. Mama alikuwa anatafuta nishati, na ampea-saa peke yake si nishati.

Kwenye viambishi kuna pia suala la m ndogo, ya mili, na M kubwa, ya mega. Mwandiko wangu ni wa haraka, na Mwalimu alikuwa mkali sana hapo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja wa MW 235, jumla MW 2,115. Andika mW 2,115 uone: umebaki na wati mbili na kidogo, hata taa ya chumbani haiwaki vizuri. Herufi moja imekula bilioni nzima.

Lakini pale nilipoviamini vizio kabisa ni kwenye waya. Kaka mmoja mwenye kibanda cha vinywaji alikuja analalamika. Fundi mwingine alimfungia friji ndogo ya volti 12, betri iko chumba cha nyuma, umbali wa mita kama kumi. "Fundi, friji inawaka kidogo, inazima. Betri nimebadilisha, bado." Nikaenda na mita yangu ya kupimia umeme. Kwenye betri nikapata volti 12.4, mwisho wa waya, vyote vikiwa vinawaka, friji na taa na rafu ya kuchajia simu, nikapata 11.0. Volti 1.4 zimepotelea njiani. Friji za namna hiyo hujizima zenyewe volti zikishuka, ili zisiue betri. Mkondo ulikuwa karibu ampea 10.

Waya umeandikwa 4 mm². Nikataka kujua kama waya wa 4 unaweza kula volti zote hizo. Kanuni ya ukinzani nilikuwa nimeisoma lakini sikuikumbuka vizuri: eneo la waya linakaa juu au chini? Nikawauliza vizio. Ukinzani mahususi wa shaba ni kama 1.7 × 10⁻⁸ Ω·m. Ninachotaka ni Ω, yaani omu, kizio cha ukinzani. Nina urefu kwa m na eneo kwa m². Ω·m zidisha m gawanya kwa m² inabaki Ω. Kwa hiyo urefu juu, eneo chini. Kinyume chake haitoki Ω. Kanuni imejileta yenyewe.

Urefu si mita 10, ni 20, kwa maana umeme unakwenda na kurudi. Halafu zile milimita za eneo. Milimita moja ni 10⁻³ m, lakini milimita moja ya mraba ni 10⁻³ m × 10⁻³ m, ambayo ni 10⁻⁶ m². Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, na kutokwama ni rahisi: andika mm × mm, kisha badilisha kila mm peke yake. Ukitumia 10⁻³ utaambiwa waya huu unapoteza chini ya sehemu moja ya elfu ya volti, na mita mkononi inakuonyesha 1.4.

1.7 × 10⁻⁸ Ω·m × 20 m ÷ 4 × 10⁻⁶ m² = 0.085 Ω

Zidisha kwa ampea 10, unapata volti 0.85. Mita inasema 1.4. Hesabu imekaa sawa, vizio vimekubali, basi chenye kasoro ni waya.

Nikakata kipande, jioni nikampelekea Mwalimu. Akatoa mikromita yake kwenye kitambaa, kifaa cha kupimia unene mdogo, cha zamani lakini kinateleza kama kipya. Waya wa 4 mm² wa nyuzi saba, kila uzi unatakiwa uwe na kipenyo cha 0.85 mm. Tukafungua nyuzi, tukaubana mmoja taratibu mpaka kile kirungu kikalia kri-kri. 0.67 mm. Tukapima mwingine, 0.67. Nusu kipenyo ni 0.335 mm, eneo la uzi mmoja ni π × (0.335 mm)², mara saba. Kikokotoo kikanipa 2.4679 na mkia mrefu nyuma yake. Nikawa nanakili yote.

"Ishia hapo," Mwalimu akasema. "Mikromita imekupa tarakimu ngapi?"

"Mbili. Sita na saba."

"Sasa hizo nyingine umezitoa wapi?"

Jibu ni 2.5 mm². Ule waya ulikuwa wa 2.5, uliochapwa 4 kwenye ganda. Weka 2.5 kwenye hesabu ile ile na upotevu unatoka volti 1.4, sawasawa na mita. Yule kaka nilimvutia waya wa 6 mm², ambao kwa mkondo ule unapoteza chini ya volti 0.6, na friji ikakaa. Aliyeuza waya ule sikumjua, na sidhani ni mmoja.

Habari ya tarakimu nayo nimeielewa hapo. Kitabuni inaonekana kama adabu ya kuandika tu. Kumbe idadi ya tarakimu inamwambia msomaji kifaa chako kinaona mpaka wapi. Rula ya kawaida inaishia milimita, venia inashuka hadi sehemu ya kumi ya milimita, mikromita ya skrubu hadi sehemu ya mia. Ukiandika tarakimu saba kwa kipimo cha rula, umedai kuona usichokiona.

Vitu vingine nilivipita haraka na sijuti. Kilometa kwa saa kwenda mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6: bodaboda ya 72 km/h inakwenda 20 m/s. Kilogramu na nyutoni, zidisha kwa 10 mtihani ukiruhusu, au 9.8: paneli ya kilo 20 inalikandamiza paa kwa nyutoni kama 200. Nyuzi za selsiasi kwenda kelvini, ongeza 273. Mtihani unapenda sana 27 kwa sababu inatoka 300 safi.

Nilitumia muda mrefu kidogo, pengine kuliko mtihani unavyohitaji, kwenye swali la vizio vyenyewe vinatoka wapi. Tangu mwaka 1889 kilogramu ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris, na dunia nzima ilipima kwa kukirejelea kile. Tarehe 20 Mei 2019 kikastaafishwa, kilogramu ikafungwa kwenye namba ya maumbile isiyobadilika, ile iitwayo ya Planck. Siku hiyo hiyo ampea nayo ikabadilishiwa maana. Zamani ilielezwa kwa kani kati ya nyaya mbili ndefu zisizo na mwisho, maelezo ambayo hakuna fundi angeyatumia. Sasa imefungwa kwenye chaji ya elektroni moja, 1.602176634 × 10⁻¹⁹ C. Ampea moja ni elektroni kama 6.24 × 10¹⁸ zinazopita kila sekunde. Mtu anayeishi kwa kuuza ampea hawezi kusoma hilo akabaki kimya. Nilimweleza kila aliyeingia dukani wiki ile, wakanivumilia.

Niseme na mpaka wa njia hii. Vizio haviwezi kukuambia ile nusu iliyo mbele ya mv² kwenye kanuni ya nishati ya mwendo, kwa sababu nusu haina kizio. Kanuni yenye nusu na isiyo na nusu zote zitatoa juli. Hizo namba tupu inabidi uzijue kwa kukariri au kwa kuelewa zilikotoka. Na kwenye chumba cha mtihani, ambako maswali ni ya Kiingereza na mimi hesabu nafikiri kwa Kiswahili, ilinifaa sana kwamba m, s, kg na A ni zile zile kwa lugha zote mbili. Maneno yakinitatiza, naangalia vizio vilivyotolewa na kizio kinachotakiwa, natafuta njia kati yao.

Nilipata C, ikatosha kwa chuo.

Dukani sasa naandika wati-saa kwa makapeni kwenye kila betri, kando ya zile ampea-saa za kiwandani. Imezua mijadala mipya, hasa tangu betri za lithiamu zianze kuingia kwa wingi. Mteja anaona lithiamu ya "ampea 50" inauzwa ghali kuliko ya risasi ya "ampea 100", anadhani nimechanganyikiwa. Namwandikia kwenye karatasi: 12.8 V × 50 Ah ni wati-saa 640, na hii unaruhusiwa kuitumia karibu yote. Ile nyingine ni wati-saa 1,200, unatumia nusu, 600. Kisha nampa kikokotoo agawanye bei kwa wati-saa mwenyewe, aone kila wati-saa anaipata kwa shilingi ngapi. Wengine bado wanachukua ya risasi, kwa kuwa pesa ya leo ndiyo iliyopo mfukoni, na hapo sina hesabu ya kuwashinda.