Nyasi nilizozikausha kama samaki wa ng'onda

Februari iliyopita, kaskazi ikivuma na vumbi likiingia mpaka kwenye sufuria, ng'ombe wangu wanne walikuwa wakitafuna nyasi za mwezi wa saba, bado zina ukijani. Nasema kwa maringo na siombi radhi, maana mwaka uliotangulia nilichekwa mtaa mzima.

Shamba letu liko upande wa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki ukitoka Malindi mjini. Mvua za mwaka zikinyesha, nyasi chini ya minazi humea hadi kiunoni; ukifika Januari ni mchanga mtupu. Kila kiangazi tulinunua marobota ya nyasi kavu yanayoletwa na lori kutoka bara. Mia tatu, mia tatu hamsini, na ukame ukikaza muuzaji anakutajia bei huku ameangalia kando. Nikasema basi, nyasi si tunazo?

Shemeji yangu anafuga huko bara. Akanielekeza kwa simu: "Ngoja zitoe mbegu zikomae, zishibe. Kata, anika siku tatu, funga." Utadhani ananifundisha kupika chai.

Nikangoja. Kufika Agosti mbegu zimepukutika na mabua yamekuwa kama njiti za fagio. Nyasi hukatwa inapoanza kutoa maua. Ikishazaa, nguvu imehamia kwenye mbegu na ulichobaki nacho ni kuni. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nilikata, nikatandaza chini siku tatu kamili, nikafunga, nikayapanga marobota bandani sakafuni mpaka karibu na makuti. Nikapiga na picha.

Siku ya tisa nikaingia bandani nikakutana na harufu tamutamu, kama uji uliochacha. Nikatia mkono katikati ya robota, nikautoa upesi: ndani kunafukuta kama chungu kilichofunikwa. Nikakata kamba, likatoka vumbi jeupe la kuvu, nikakohoa mpaka machozi. Ikabidi kuyatoa yote nje, kwani nyasi mbichi zikishindiliwa hupata joto na huweza hata kuwaka zenyewe, na banda langu ni la makuti. Majirani wakaja kutazama kama wamealikwa. Safu ya chini ndiyo ilinimaliza: mchwa wamekula nyasi, wameniachia kamba. Nilipompigia shemeji, akaniuliza, "Una hakika zilikauka?"

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mvuvi, huja kwangu kununua maziwa. Aliliangalia lile rundo akasema, "Mwanangu, umewahi kuona ng'onda ameanikwa mchangani?"

"La, ami. Huwekwa juu ya chanja."

"Kwa nini?"

Nikanyamaza. Wakati wa kusi hapa kwetu hewa ina maji ya bahari, asubuhi kuna umande, na manyunyu hayapigi hodi. Nyasi ukizitandaza chini, za juu zinakatika kwa ukavu na za chini zinatoa jasho. Lakini kusi hiyohiyo ina upepo wa bure mchana kutwa.

Basi mwaka uliofuata, katikati ya Julai, maua yameanza kuchomoza, tulikata umande ulipokauka. Zikanyauka chini mpaka alasiri, kisha tukazipandisha kwenye chanja: nguzo za mvinje, fito juu yake, kimo cha kiuno, nyasi zimelazwa kilegevu upepo upite chini na juu. Usiku turubali. Siku ya pili ilinyesha alfajiri nami nikalala.

Zimekauka? Hapo sasa. Afisa mifugo mmoja alikuwa amenifundisha: katakata gao la nyasi, tia ndani ya chupa kavu ya jemu na kijiko cha chumvi, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado mbichi. Nikatikisa, ikaganda. Kesho yake ikaganda. Siku ya nne nyasi zinavunjika vidoleni na chumvi bado inaganda! Nilikuwa karibu kulia, mpaka nilipotia chumvi peke yake. Ikaganda vilevile. Kumbe chumvi yenyewe imeshavuta unyevu jikoni. Nikaikaanga kwenye chuma cha kupikia chapati mpaka ikaacha kuruka, ikapoa, nikajaribu tena. Ikachezacheza chupani kama mchanga mkavu. Mimi pia nikachezacheza.

Kufunga hakuna siri. Fundi alinipigia sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, sentimita 85 kwa 55, kina 45. Kamba mbili za katani ndani, nyasi, halafu mwanangu wa kiume apande arukeruke. Akishindilia kwa moyo, robota linafika kilo 20, akinuna, 12. Nilimlipa kwa maandazi. Tulipata 74, tukayapandisha juu ya mawe na magogo, mbali na ukuta, na kila Ijumaa nachungulia njia za mchwa.

Desemba shemeji alikuja kututembelea. Akachomoa unyasi mmoja kwenye robota, akaunusa, akatikisa kichwa taratibu. "Si nilikwambia?" akasema.

Chai yake ilikwenda ya rangi.