Kuielewa Hofu Yangu ya Mbwa

Wengi tuliokulia Dar es Salaam tulifundishwa kumwogopa mbwa kabla ya kumfahamu, kwa kuwa tuliyemwona zaidi ni yule wa ulinzi, anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, au yule wa mtaani anayerushiwa mawe na watoto. Hofu yenyewe si upuuzi, maana kichaa cha mbwa kipo, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Ndiyo sababu aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huwahishwa hospitali kupata chanjo.

Kinachoikuza hofu, hata hivyo, ni kukwepa: kila ninapobadili njia hapa Sinza, ubongo hujifunza kwamba nimenusurika kwa sababu nimekwepa. Tiba ya wanasaikolojia ni kinyume chake, yaani kumzoea mbwa hatua kwa hatua, kwanza kwa picha, kisha kwa kumtazama akiwa amefungwa kamba, huku umbali ukipunguzwa pale tu moyo unapotulia. Siku hizi ninaweza kusimama nje ya geti la jirani mbwa wake akibweka, mikono ikiwa imetulia, bila kumkazia macho wala kukimbia. Kumgusa bado, na sioni haraka yake.