Simu ya London, Laini za Nairobi

Kwa miaka minne nilinunua data kwa bei ghali kwa sababu ya simu niliyopewa bure. Binamu yangu anayeishi Marekani alinitumia simu hiyo mwaka wa 2019, ikiwa ndani ya boksi lake na haina hata mkwaruzo, nami nikaifungua sebuleni kwangu Umoja huku majirani wawili wakitazama. Nilipoingiza laini, maandishi madogo yalitokea kwenye kioo kunijulisha kwamba laini hiyo haikubaliki. Simu ilikuwa imefungwa na kampuni iliyoiuza, kwani kule ni jambo la kawaida mteja kuchukua simu kwa malipo ya kila mwezi nayo kampuni ikaifunga isikubali laini ya mwingine hadi deni liishe. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2014 ilimhalalishia Mmarekani kuifungua simu yake mwenyewe, ila binamu yangu alikuwa hajamaliza kulipa, nami niliona haya kumuuliza amebakisha kiasi gani.

Fundi mmoja wa Luthuli Avenue alinipa dawa yake: kijikadi chembamba kama ganda la kitunguu, ambacho kililazwa juu ya laini ili simu idanganyike na kuona laini ya Marekani. Kilifanya kazi, kwa namna yake. Kila nilipozima simu na kuiwasha ilinibidi nichague upya jina la kampuni kwenye orodha ndefu, na mara mbili niliitoa laini kwa pini ya nywele ya mke wangu nikaipangusa na kuirudisha. Isitoshe, simu yenyewe ilikuwa na nafasi moja tu ya laini, na hapo ndipo gharama ilipojificha.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa kwa nini sikuhamia kampuni yenye data nafuu. Tangu Aprili 2011 mtu anaweza kuhama na nambari yake kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini M-Pesa haihami pamoja naye. Kodi ya nyumba, karo, mboga za mama wa kibanda na chama cha kila Jumamosi vyote vinapitia laini ile ile, kwa hiyo laini hiyo haitoki kwenye simu. Mwenye nafasi moja ya laini basi hununua data palipo na M-Pesa yake, iwe rahisi au ghali. Mimi hufundisha Kiswahili kwa njia ya video, saa mbili au tatu kila jioni, katika jengo ambalo waya wa intaneti haujafika. Vifurushi vya shilingi 100 kwa siku vilinimalizia takriban shilingi 3,000 kwa mwezi.

Mwaka wa 2023 dadangu mkubwa alikuwa akijiandaa kuja nyumbani kutoka London, nikaona ni heri nimwagize aniletee simu kwa pesa zangu. Nilikuwa na sababu mbili za kuifurahia Uingereza. Kwanza, tangu Desemba 2021 kampuni za simu za huko zimepigwa marufuku kuuza simu zilizofungwa. Pili ni masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo simu na mnara huwasiliana kwayo, jambo ambalo wauzaji wengi wa simu hawalitaji. Mitandao yetu ya 4G hutumia zaidi masafa ya megahezi 800 na 1800, ambayo hata Uingereza hutumia, ilhali simu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, hasa za miaka ya nyuma, hazikuwekewa yale ya 800. Masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Niliposoma hayo ndipo nilipoelewa kwa nini simu ya binamu ilionyesha 4G nikiwa kwenye roshani na kushuka hadi 3G nikiingia chumbani, nami miaka yote hiyo nilikuwa nikimlaumu mwenye nyumba na zege lake.

Dada alinipigia video akiwa dukani, mbele ya meza ya simu zilizotumika. Nilimwomba abonyeze *#06#, na kwenye kioo zikatokea nambari mbili za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, kila moja ya tarakimu 15, ishara kwamba simu hiyo inabeba laini mbili. Hilo halikuwa swali la bure, kwa maana simu ya jina lile lile inaweza kuuzwa kwetu ikiwa na nafasi mbili na kwingineko ikiwa na moja. Kisha nikamwomba atoe laini yake aiweke humo, halafu aazime ya kampuni nyingine, kwa kuwa simu iliyotumika huenda iliuzwa kabla ya ile marufuku. Dada alininong'oneza kwa Kikamba kwamba muuzaji ameanza kutukazia macho. Nikamwambia avumilie, bado masafa. Alilipa pauni 140, ambazo kwa bei ya siku hizo zilikaribia shilingi 25,000. Chaja nayo iliingia kwenye soketi ya Umoja bila adapta, kwa kuwa plagi yetu ya miguu mitatu ni ile ile ya Waingereza.

Sasa laini ya kwanza ni ya M-Pesa na kupigiwa, na laini ya pili, ya kampuni nyingine, ni ya data peke yake. Siku ambapo kampuni ya pili inayumba mtaani kwetu, ninanunua kifurushi cha siku moja kwenye laini ya kwanza na kuendelea na somo. Matumizi yangu yameshuka hadi shilingi 1,300 kwa mwezi, kwa hiyo simu ilijilipa kwa takriban miezi 15. Ingejilipa mapema zaidi kama nisingefanya kosa moja. Simu hizi zina mpangilio unaoziruhusu kuhamisha data kutoka laini hadi laini zenyewe mtandao ukidhoofika, nami sikuuzima. Jioni moja nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, simu ilihamia laini ya kwanza isiyokuwa na kifurushi, na kabla hatujafika mjini shilingi 200 za muda wa maongezi zilikuwa zimekwisha. Nilipata ujumbe wa kunijulisha salio ni sufuri, ukafuatiwa na mwingine wa kunikopesha.

Anayeagiza simu leo ajue pia habari ya ushuru. Dada alipita uwanja wa ndege akiwa nayo mkobani bila kuulizwa lolote, lakini Novemba 2024 Mamlaka ya Ushuru ilitangaza kwamba abiria angepaswa kuitaja simu anayoingia nayo pamoja na nambari yake ya IMEI, agizo ambalo Mahakama Kuu ililifuta Julai 2025; hata hivyo ni vyema risiti ya dukani isitupwe. Dhamana ya duka la London, kwa upande wake, haina maana Nairobi. Kioo kikipasuka ni mimi na fundi wangu.

Mwezi ujao dada anakuja tena, na safari hii simu ni ya mama, aliye Makueni. Mnara uko mbali na boma, kwa hiyo nimemwandikia dada ahakikishe masafa ya 800 yamo. Mama tumempigia kumweleza, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama laini yake ya M-Pesa itaingia.