Siku moja maishani mwangu: mtaalamu wa fiziotherapia

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala nagombea daladala. Saa 2 kasoro nimevaa koti na foleni imefika mlangoni. Wa kiharusi 2, wa mgongo 3, mtoto mmoja anayejifunza kukaa. Hao nawahudumia mfululizo bila hata kunywa maji.

Saa 4 akaingia mama muuza vitambaa wa Kariakoo. Hata hajakaa: "Daktari kaniandikia nije kwenu wakandaji. Mimi nataka sindano, mwanangu, sina muda."

Neno hilo "wakandaji" linaniuma. Kazi hii nimeisomea miaka 3 hospitali ya KCMC, Moshi. Nikamwamkia, nikamwomba avue viatu.

Vilikuwa vyeusi, vimechongoka mbele, visigino virefu. Mguu wa kulia unawaka moto kati ya kidole cha tatu na cha nne, anasema, kama amekanyaga kokoto. Akivua kiatu na kujisugua, unatulia. Nikaubana unyayo kutoka pembeni kwa mkono mmoja, dole gumba la mkono wa pili likibonyeza katikati ya mifupa. Kitu kikaruka chini ya dole gumba langu, naye akanishika bega kwa nguvu. Ni neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyonenepa kwa kubanwa. Wenyewe tunaiita neuroma ya Morton. Eksirei aliyokuja nayo mkononi haiwezi kuionyesha.

Nikalegeza viungo vya unyayo kimoja kimoja, nikamnyoosha kigimbi, kisha nikakata kipande cha sponji ngumu na kukibandika nyuma kidogo ya panapouma. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. "Panauma hapa, wewe unabandika kule!" Nikamweleza mara 3: kikikaa juu ya neva kinaiumiza, kikikaa nyuma yake kinatawanya mifupa, neva inapata nafasi. Sindano ipo, upasuaji upo, lakini tuanze na hiki pamoja na viatu vipana. Akatembea kwenye korido, kimya, akarudi, akatembea tena. "Sasa tajiri wangu dukani anataka tupendeze, hivyo viatu vipana nitavaaje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tukakaa tukatafuta, nje foleni inanung'unika.

Mchana sijui ulipitaje. Nakumbuka mzee wa kisukari, nimemgusa nyayo kwa uzi wa nailoni na hakusikia karibu kote. Huyo nilimfundisha kukagua nyayo kila jioni na asitembee peku, hata ndani.

Kwenye daladala nimesimama, dole gumba limevimba, bomba nalishika kwa vidole vinne. Yule mama anarudi wiki ijayo. Nimemwambia aje na viatu vyake vyote kwenye mfuko.