Mzee Aliyezinduka Mara Mbili

Ramadhani ya 2018 iliangukia masika. Nilikuwa daktari mwanagenzi kisiwani Pemba, wadi ya wanaume, na siku ile mvua haikukatika tangu alfajiri. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa gari ya abiria iliposimama mlangoni. Wakashuka vijana wamembeba mzee mmoja, kanzu imemganda mwilini. Nilidhani ni mvua. Nilipomshika shingo nikahisi jasho, tena la baridi.

"Baba kapigwa na kiharusi," mwanawe mkubwa akasema. "Mkono wa kulia hauna kazi."

Mzee alikuwa amepita miaka sabini, mkulima wa mihogo na karafuu. Adhuhuri alikosea rakaa msikitini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona nalo. Akarudi nyumbani akiwajibu watu maneno yasiyoeleweka, kisha akamtukana mkewe. Hilo ndilo lililowatisha zaidi, maana si mtu wa matusi. Jirani alisema ana shetani, ikafukizwa ubani, akasomewa. Mimi siwalaumu. Mtu mpole akibadilika ghafla ndani ya saa mbili, kila mmoja hutafuta maelezo kwa alichonacho.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani aliyekuwa akitusimamia alikuwa na amri moja asiyoirudia mara mbili: anayeletwa hajitambui, choma kidole kwanza, mengine baadaye. Muuguzi akachoma. Kipimo cha sukari kikaonyesha 1.7.

Mtu mzima mwenye afya akiamka na njaa huwa na sukari kati ya 4 na 5 na kitu, kwa milimoli katika lita ya damu. Chini ya 3.9 ishashuka. Chini ya 3 ubongo unaanza kukosa chakula chake, na ubongo wenye njaa huweza kuiga kiharusi kabisa: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kupotea. Ndiyo maana kidole hutangulia.

Nikapata mshipa kwenye kiwiko cha kushoto. Sukari ya asilimia 50 ni nzito kama shira ya kaimati. Haisukumwi kwa haraka, kwani ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Nilisukuma mililita 50 taratibu, jicho langu moja kwenye bomba la sindano, jingine kwenye uso wake. Sindano haijaisha, akafumbua macho. Akatazama dari, akanitazama mimi, kisha ule mkono wa kulia uliokuwa umekufa ukanyanyuka, ukapapasa kichwa ukitafuta kofia.

"Magharibi ishaadhiniwa?" akauliza.

Wanawe wakapiga takbira wadi nzima ikageuka. Mdogo wao alikaa chini sakafuni akalia. Nami machozi yalinilenga, sioni haya kusema. Hakuna kitu katika kazi hii kinachofurahisha kuliko kumwona mtu anarudi namna ile, mbele ya macho yako, kwa sukari tupu.

Kazi yenyewe ilianzia hapo. Kabla ya futari mwanawe mkubwa alinijia kwa adabu kubwa. "Dada daktari, tunashukuru, Mungu akulipe. Sasa mzee keshaamka, kazungumza, kasali amekaa. Mama kapika. Tunaomba tumchukue akafuturu kwake."

Ombi la haki, ukilitazama kwa macho yake. Bingwa hakumjibu. Alimwuliza mzee anakunywa dawa gani. Kijana akatoa mfuko wa plastiki mfukoni, ndani yake karatasi ya vidonge iliyokatwa kwa mkasi: glibenklamaidi, dawa ya kisukari. Aliandikiwa miaka kadhaa nyuma, tangu hapo familia hununua dukani kila vikiisha. Kidonge kimoja kila asubuhi. Ramadhani ilipoingia walikihamishia kwenye daku, kwa sababu asubuhi mzee amefunga, atamezaje? Na usiku ule alichelewa kuamka. Alikunywa chai kavu na kipande cha mkate, akameza kidonge chake, akanuia.

Bingwa akavuta kiti, akakaa karibu na yule kijana, akamweleza kwa utulivu ambao sijausahau. Kidonge hiki, alisema, kazi yake ni kulilazimisha kongosho kutoa insulini. Hakisubiri ule. Ukimeza na kukaa saa kumi na tatu bila chakula, insulini inaendelea kumwagika na sukari inaendelea kuteremka. Ini hukivunja kidonge, lakini vipande vyake navyo vina nguvu ya kushusha sukari, na vinatakiwa vitolewe na figo. "Figo za baba yako zimechoka," akasema. Majibu ya kreatinini, taka ya damu ambayo hupanda figo zikichoka, yalikuwa yameshatoka, maradufu ya kawaida. "Dawa bado imo mwilini, na haina pa kutokea kwa haraka. Hii sukari tuliyompa itakwisha kabla ya dawa kwisha. Tena yenyewe inaliamsha kongosho litoe insulini zaidi. Mkimchukua sasa, usiku mtakuwa mmelala, naye atakuwa amelala, na hamtajua upi ni usingizi."

Kijana alinyamaza. Kisha akatoka nje kumpigia mama yake simu.

Mzee alifuturu hapo hapo kitandani, tende, uji na mihogo ya nazi iliyoletwa kwenye hotipoti, akala vizuri kweli. Tulimwekea dripu ya sukari ya asilimia 10 na kuandika achomwe kidole kila saa. Ipo dawa iitwayo oktreotaidi, inayolizuia kongosho lisitoe insulini, na tafiti zimeonyesha inapunguza kushuka upya kwa sukari kwa watu waliozidiwa na vidonge vya jamii hii. Sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na dripu, vipande vya kupimia, na muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hakukubali kuruka hata saa moja, ingawa mgonjwa mwenyewe alianza kulalamika kwamba vidole vinamuuma.

Saa sita usiku ilikuwa 3.2. Tukaongeza kasi ya dripu na kumpa maji ya sukari. Saa nane muuguzi akaniita. Mzee amelala kiubavu, anakoroma kidogo, uso umetulia. Kwa kutazama tu ungesema mzee mwenye umri wake anapumzika baada ya siku ngumu. Muuguzi akaninyooshea kidole kwenye foronya: imelowa. Usiku wa mvua, dirisha wazi, wagonjwa wengine wamejifunika mpaka masikioni, yeye jasho linamtoka. Kipimo kikasoma 2.3. Nilimwita, hakuitika. Nikamtikisa, akaguna.

Nikasukuma sindano ya pili. Mwanawe, aliyekuwa amelala kwenye mkeka chini ya kitanda, aliamka akasimama nyuma yangu bila kusema neno. Mzee alipofumbua macho, yule kijana akamshika mguu, akauacha mkono pale mpaka watu wakaanza kuamka kula daku.

Asubuhi, kwenye mzunguko wa wadi, bingwa alianza na sisi wanagenzi. Alituuliza nani anaujua utafiti wa EPIDIAR, wa kisukari na mfungo wa Ramadhani. Ulifanywa 2001 katika nchi 13, ukahusisha watu 12,243 wenye kisukari, na matokeo yake yalichapishwa 2004. Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, sukari kushuka vibaya iliongezeka mara 7.5 ndani ya Ramadhani. "Kwa hiyo hili halikutokea kwa bahati mbaya," akasema. "Linajulikana. Linakuja na mwezi." Kisha akautaja utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, uliokuwa na watu 10,251. Kundi lililobanwa sukari ishuke karibu na ya mtu asiye na ugonjwa lilikuwa na vifo vingi kuliko kundi lililoachiwa nafasi, ikabidi sehemu ile isimamishwe mwaka 2008. Mzee mwenye figo dhaifu hahitaji tarakimu nzuri, anahitaji tarakimu isiyomwangusha. Na Shirika la Afya Duniani lilikuwa tangu 2013 limeweka gliklazaidi, kidonge cha jamii hiyo hiyo, katika orodha yake ya dawa muhimu, na kuandika kwamba glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60. Miaka mitano baadaye bado ilikuwa inakatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa mzee wa sabini na kitu. Mimi jambo hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo. Taarifa ilikuwepo. Haikuwa imefika kwenye kaunta ya duka.

Kisha akamgeukia mzee. Alimsimamishia vidonge vyote. Kuhusu saumu, mzee alikuwa na jibu tayari.

"Mie nafunga tangu sijabaleghe. Na jirani yangu ana sukari kama mie, anafunga, na ni mzima."

"Jirani yako anakunywa nini, mzee wangu?"

Hakujua. Akapigiwa simu: metformini tu, ambayo peke yake si kawaida kumwangusha mtu kwa sukari kushuka. Figo zake, kwa maelezo yake, zilikuwa nzima. Bingwa akamweleza tofauti, kwamba mwongozo wa 2016 wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, uliotungwa kwa ajili ya Ramadhani, unamweka mtu aliyeanguka kwa sukari ndani ya miezi mitatu kwenye kundi la hatari ya juu kabisa. "Mimi nasema ya figo na ya damu," akasema. "Ya dini atakwambia mwenyewe wa dini."

Mwenyewe wa dini alikuwa ndugu wa mzee, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyefika na basi la asubuhi. Alimsomea aya ya mgonjwa na msafiri, akamfafanulia kwamba ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Hakupandisha sauti. Mzee alisikiliza amejifunika shuka mpaka kidevuni. Mwisho akauliza bei ya kibaba cha mchele, wakaanza kuhesabu wawili.

Alikaa kwetu siku mbili zaidi. Bila kidonge hata kimoja sukari yake ilisimama kwenye 9 na 10, na bingwa akaridhika nayo. Nilipokuwa namwandikia karatasi ya kuondoka, mwanawe mkubwa alichukua ule mfuko wa plastiki, akautazama kwa muda.

"Dada daktari, mama mdogo pia anakunywa hivi hivi. Tunanunua pamoja, tunagawana. Naye kafunga."

Nilimwambia asimpe kingine mpaka apimwe. Jumatatu akamleta, mama wa makamo amefunga kanga ya pili kichwani kwa mvua, amekasirika kwa kutolewa shambani. Muuguzi alimkalisha, akamchoma kidole, nami nikaanza kumwuliza: daku alikula nini, kidonge alimeza lini mara ya mwisho, na miguu ilianza kumvimba lini.