Duka lilipoiondoa programu yangu

Mwanzoni mwa 2019, mawakala kadhaa wa fedha pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, walikuwa wakitumia programu niliyoitengeneza mwenyewe. Ilisoma meseji za miamala zinazoingia kwenye simu, ikapanga kiasi, muda na salio, ili jioni wakala ajue amebaki na floti (pesa iliyomo kwenye laini yake ya uwakala) kiasi gani na keshi kiasi gani. Wafanyabiashara wa dagaa hufika kwa mkupuo. Katikati ya msongamano ule hakuna wakala anayewahi kuandika kila muamala kwenye daftari.

Miezi michache kabla, wenye duka la programu ambalo karibu wateja wangu wote walilitegemea walikuwa wametangaza sera mpya: programu ya kawaida isisome tena meseji za mtumiaji, isipokuwa ikiomba na kupewa kibali maalumu. Sababu yao naiunga mkono mpaka leo. Humo kwenye meseji ndimo zinamopita namba za uthibitisho za benki, na wezi walishalijua hilo. Nikajaza fomu, nikaambatanisha video ya kuonyesha programu inavyofanya kazi. Jibu likaja bila jina la mtu wala namba ya simu: matumizi haya hayaruhusiwi. Nikafafanua upya, likarudi lilelile, neno kwa neno. Asubuhi moja nikatafuta programu yangu dukani, haipo.

Waliokuwa nayo waliendelea kuitumia, ila sikuweza tena kuwapelekea marekebisho. Mtandao wa simu ukibadili mpangilio wa meseji zake, hata kidogo tu, hesabu zinavurugika. Na ukabadili. Ikanibidi nipite kibanda kwa kibanda nikiweka toleo jipya kwa mkono, na kila simu ikatoa onyo kwamba faili hili linaweza kuwa na madhara.

Mama mmoja alilisoma onyo lile kwa makini, akanirudishia simu niifute programu yenyewe. "Mwanangu, wewe nakufahamu. Lakini simu yenyewe inasema ni hatari, na humu mna pesa za watu." Hakuwa amekosea hata kidogo, na ndilo lililoniuma kuliko barua zote.

Mwaka 2023 nilifuatilia kisa cha Christian Selig, Mkanada aliyeunda Apollo, programu ya kusomea Reddit, mtandao wa majadiliano. Reddit ilipotangaza kwamba itatoza dola 0.24 kwa kila maombi 1,000 ya data, alikadiria gharama ya karibu dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga Juni 30. Nilimhurumia sana. Lakini yeye angalau alizungumza na watu wa kampuni ile kwa simu. Mimi mpaka leo sijui kama kuna binadamu aliyewahi kuifungua video yangu.

Siku hizi kazi zangu naziweka kwenye tovuti inayofunguka kwa kivinjari chochote, na mawasiliano ya wateja nayatunza mwenyewe. Wakala anaingiza miamala kwa mkono. Ni taratibu mno kwa Mwaloni, na wengi pale wamerudi kwenye daftari.