Pete iliyokataa kuingia kwenye chupa: jinsi nilivyotengeneza tundu kwenye gemu yangu

Siku za bonane, yaani mwaka mpya, hapa Goma, kwetu Birere, kuna ule mchezo wa kutupa pete, mtu anapanga chupa tupu za sukre chini, unalipa falanga kidogo unapewa pete tatu zilizokatwa kwenye bido la plastiki, ukiivalisha chupa unabeba zawadi. Nikasema mi naufanya gemu ya simu, juu hapa kila mtu anaujua. Nilihesabu wiki moja. Ilichukua miezi miwili, na karibu yote iliishia kwenye tundu la pete.

Nilitumia Godot, programu ya kutengeneza gemu, juu ni ya bure na kuipakua haimalizi megabaiti zako. Pete nikaichora kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, ikapendeza, nikaipa mwili wa fizikia ili ianguke na kugonga kama kitu halisi, na nikaacha Godot itengeneze yenyewe umbo la kugongana, lile umbo lisiloonekana linaloamua pete inagusa wapi. Natupa, pete inafika juu ya chupa inakaa pale kama sahani. Mdomo wa chupa unauona kabisa katikati ya tundu, lakini pete haishuki! Nikakondesha chupa, nikapanua pete, wapi.

Nilipowasha yale maumbo ya kugongana yaonekane kwenye skrini njo nikaelewa. Ni kama umeivika pete mfuko wa nailoni ukauvuta mpaka ukaze, tundu limefunikwa pande zote. Injini, yaani sehemu ya Godot inayohesabu fizikia, inapenda maumbo yasiyo na bonde wala tundu, juu hesabu maarufu ya kujua kama vitu viwili vimegusana, ile inaitwa GJK, ya Gilbert, Johnson na Keerthi ya mwaka 1988, inasimama kwenye maumbo ya aina hiyo tu. Nikajaribu umbo lingine linalofuata kila pembetatu ya mchoro, tundu likapatikana kweli, lakini hilo ni la vitu visivyotembea kama ardhi na ukuta, ni ngozi tu haina ndani, pete yangu ikazama chini ya udongo ikapotea.

Sasa hapa Goma tunazungushia maua mawe ya volkano. Jiwe moja moja halina tundu, lakini duara lote linalo. Nikafanya hivyo hivyo, nikapanga kapsuli fupi fupi, maumbo kama vidonge vya dawa, kwa mduara, zote kwenye mwili mmoja, ncha ya moja inaingia kwenye ncha ya nyingine. Pete yangu ina nusu kipenyo cha sentimita 5 mpaka katikati ya unene, na unene wa sentimita 1. Nilianza na kapsuli 8 na ikaingia kwenye chupa mara ya kwanza, nilipiga kelele usiku mpaka mama akaamka. Ila kapsuli imenyooka, inakata kona, kwa hiyo tundu linapungua, na kiasi chake ni R × (1 − cos(180°/n)), R ni ile nusu kipenyo na n ni idadi ya kapsuli, yaani kwa 8 unapoteza karibu milimita 4 kila upande, unaona pete inagonga hewa. Kwa 16 ni milimita 1 tu, jicho halioni. Nikabaki na 16.

Halafu nikitupa kwa nguvu pete inapita ndani ya shingo ya chupa kama hakuna kitu. Sababu ni hii, injini inahesabu mara 60 kwa sekunde, pete ikienda mita 6 kwa sekunde inaruka sentimita 10 kwa kila hesabu, na shingo ya chupa yangu ni sentimita 3. Nikapandisha hadi hesabu 240 kwa sekunde, mruko ukawa sentimita 2.5. Simu za bei ndogo zikaanza kulemewa, basi 240 inawaka pete ikiwa hewani tu, ikitulia narudisha 60.

Kilichobaki ni mzunguko. Pete ilikuwa inayumba vibaya, kama kifuniko cha sufuria, juu uzito wake wote uko ukingoni na namba za injini, zile zinazosema pete ni ngumu kiasi gani kuizungusha, hazikulingana na hilo. Nikaziandika kwa mkono, kuzunguka mhimili wa tundu ni uzito × R × R, kuzunguka kipenyo ni nusu ya hiyo. Kwa sahani isiyo na tundu ile ya kwanza ingekuwa nusu tu, njo maana inageuka kirahisi. Sasa pete ikivaa chupa inacheza shingoni kwa ile sauti tunayoijua, taka taka taka inashuka.

Pointi sizihesabu kwa mgongano. Naangalia kama mstari wa katikati wa chupa unapita ndani ya tundu na kama pete iko chini ya mdomo, na hapo naiacha ilale, yaani injini inaacha kuihesabu, la sivyo pete mbili kwenye chupa moja zinatetemeka bila kukoma.